Ghuba ya Lutembe na Mpaka Unaohama

Kati ya Kampala na Entebbe, upande wa ziwa, ipo ghuba ndogo iitwayo Lutembe. Ukubwa wake kama ulivyoandikishwa katika orodha ya kimataifa ni hekta 98, yaani haufiki ekari 250. Kama ingekuwa nchi kavu, kikosi kidogo cha doria kingeizunguka kabla ya chai ya asubuhi. Hata hivyo ghuba hii ni moja ya maeneo 12 ya ardhi oevu ambayo Uganda imeyaandikisha chini ya Mkataba wa Ramsar, na kwa miaka mingi sasa imekuwa ikitajwa magazetini kwa ubishi: nani mwenye ardhi, nani aliyemwaga kifusi, nani aliyetoa idhini na nani aliyeikataa.

Sisi tunaona kwamba ubishi huo hauwezi kwisha kwa namna unavyoendeshwa. Pande zote hubishana juu ya mstari wa mpaka kana kwamba ni mstari uliochorwa juu ya mwamba. Lutembe si mwamba. Ni mahali panapobadilika kila baada ya miezi michache, wenyeji wake wakipokezana zamu na wageni, maji yakipanda na kushuka. Na mtu asiyeyajua majira ya mahali hapo hawezi kueleza ni kitu gani hasa anachokilinda, wala ni kitu gani anachokichukua.

Tuanze na jina. Lutembe alikuwa mamba. Wazee wa ukanda ule husimulia habari zake, na wageni waliotembelea nchi hii zama za ukoloni walimwandika: mamba mkubwa aliyeitwa kwa sauti kutoka ukingoni naye akaja kupokea samaki mkononi mwa watu. Zipo simulizi za kutisha zaidi kumhusu, za enzi za wafalme, ambazo hatuna haja ya kuzirudia hapa. Mamba yule amekufa zamani, na jina lake limebaki juu ya maji na juu ya ufuko wa starehe ulio jirani.

Wageni mashuhuri wa ghuba hii leo ni ndege. Kuanzia mwezi wa Septemba na Oktoba huingia buabua mabawa-meupe, ndege mwembamba apitaye urefu wa shubiri kidogo tu, mwepesi kama jani. Amezaliwa katika vinamasi vya Ulaya ya Mashariki na Asia, toka mabonde ya Belarus na Ukraine hadi Kazakhstan, Siberia na China. Amevuka bahari na jangwa la Sahara bila pasi wala ramani. Wanapofika kwetu, mchana hutawanyika juu ya ziwa lote kutafuta chakula, na jioni hurudi Lutembe kulala juu ya mikeka ya mimea inayoelea na juu ya matope ya kina kifupi. Hesabu zilizowahi kutolewa zimefika ndege milioni na zaidi. Msomaji aliyewahi kushuhudia gwaride la vikosi vyote vya taifa siku ya sherehe atapata picha kidogo akituwazia gwaride hilo mara mia, likiwa hewani, na bila amri ya mtu yeyote.

Wanafuata nini? Wanafuata wadudu. Ziwa letu hutoa wale wadudu wadogo wanaopanda juu ya maji kama moshi wa moto wa nyika, hasa siku za mwezi mwandamo. Wavuvi huwalaani kwa kuwa huingia machoni, puani na ndani ya taa. Kwa buabua hiyo ndiyo posho. Kisha yaja masika madogo na nsenene, panzi wa kijani ambao Waganda wameupa mwezi wa Novemba jina lao, Musenene. Majira hayo huona mabati yakisimamishwa chini ya taa kali usiku kucha kuwatega, na asubuhi masoko ya Kampala huwa yamejaa. Binadamu na ndege hula meza moja katika mwezi huo, na hakuna anayelalamika.

Hawako peke yao. Wapo buabua wengine wakubwa wenye mdomo mnene, wapo shakwe wa kichwa cha kijivu, wapo ndege wa matopeni wenye miguu mirefu kama vijiti vya hema, wapo wanandi wanaokausha mabawa juu ya magogo. Mara chache huonekana hata korongo-nyangumi, yule ndege mwenye mdomo kama kiatu ambaye watalii huvuka bahari kuja kumtazama kule Mabamba, magharibi ya Entebbe. Hao wote hufanya Lutembe iwe mahali penye shughuli nyingi toka Oktoba hadi Machi, na hapo ndipo wageni, wapiga picha na waandishi wa habari hufika.

Mnamo Machi na Aprili jambo la ajabu hutokea. Buabua ambao miezi yote walikuwa weupe na kijivu, kiasi kwamba jina lao la mabawa-meupe halikuwa na maana, hubadili mavazi. Kichwa, kifua na tumbo huwa vyeusi tititi, na mabawa yakabaki meupe. Ndege yule yule huonekana kama amevaa sare mpya. Ndiyo dalili ya kuondoka. Kabla masika makubwa, ambayo Waganda huyaita ttoggo, hayajafika mwisho, ghuba imekwisha kuwa kimya. Mtu akifika Lutembe mwezi wa Juni atasema pameachwa, na atashangaa ya kuwa mataifa yamekaa mezani kwa ajili ya mahali kama hapo.

Hapo ndipo kosa linapoanza. Kwa fikira za watu wengi, ndege wakiondoka hakuna cha kulinda. Bali sisi tuliofundishwa kuisoma ardhi kabla ya kuingia ndani yake tunauliza swali jingine: nani anayeishika ngome wageni wasipokuwapo? Jibu ni mafunjo. Mimea hii mirefu, yenye kufika mita 4 au 5, na vichwa vyake vilivyochanua kama fagio, huota juu ya mizizi iliyofumana ikaelea. Ndiyo iliyofanya kisiwa kirefu kinachoitenga Lutembe na ziwa kuu, hata mawimbi ya nje yakafika ndani yakiwa yamechoka. Bila ukuta huo wa mafunjo hakuna maji matulivu. Bila maji matulivu hakuna matope ya kina kifupi. Na bila matope hayo buabua hana mahali pa kulala hata kama wadudu wangejaa ziwa zima.

Na ndani ya mafunjo kuna wenyeji ambao hawana safari. Yuko ndege mmoja aishiye humo tu na si penginepo, mweusi mgongoni, mwekundu kifuani, na mwenye utosi wa manjano. Ni kama amekatiwa nguo katika bendera yetu ya taifa. Husikika zaidi kuliko anavyoonekana, dume na jike wakiitikiana. Mafunjo yakifyekwa hahamii mtini wala bustanini. Hutoweka.

Masika yanapopandisha maji, kambare huingia pembezoni mwa kinamasi kutaga. Kamongo naye, samaki apumuaye hewa, ambaye ukoo mzima wa Buganda umejiita kwa jina lake la Mmamba na kwa hiyo haumli, hutaga mayai katika kiota ndani ya mafunjo, na dume ndiye akaaye zamu kukilinda. Jambo hili lina uzito wa pekee kwa wananchi wa ziwa. Tangu sangara alipotiwa katika ziwa hili miaka ya 1950 na 1960, samaki wadogo wa asili ambao Waganda huwaita nkejje walimezwa kwa wingi, na aina nyingi zimetoweka kabisa. Baadhi waliookoka waliokokea vinamasini, kwa sababu maji ya chini ya mafunjo yana hewa kidogo na sangara hayawezi, lakini wao hustahimili. Akina mama wa Buganda wamekuwa wakiwapa watoto wenye surua nkejje waliokaushwa. Hata mtu asiyejali ndege wa Siberia hana sababu ya kuidharau ngome iliyowaficha samaki hao.

Kwa sababu hiyo twawasifu wale wa shirika la NatureUganda wanaohesabu ndege wa majini mara mbili kwa mwaka, Januari na Julai. Hesabu ya Januari huleta tarakimu kubwa na picha nzuri. Ile ya Julai ndiyo inayoeleza hali ya nyumba wageni wakiwa hawapo.

Sasa tufike kwenye maji yenyewe, ambayo ndiyo kiini cha mgogoro. Lutembe iliingizwa katika orodha ya Ramsar tarehe 15 Septemba 2006. Wakati huo Uganda ilikuwa imetoka kuwa mwenyeji, Novemba 2005, wa mkutano mkuu wa mataifa ya mkataba huo hapa Kampala, mkutano wa kwanza wa aina yake kufanyika barani Afrika. Lakini mwaka huo huo wa 2006 ziwa lilikuwa limeshuka kuliko lilivyowahi kushuka kwa miongo mingi. Fukwe zilikuwa zimepanuka. Mahali palipokuwa maji pakawa nyasi. Palipokuwa mafunjo pakawa udongo mweusi wenye rutuba, na palipo na udongo mweusi karibu na mji mkuu hapakosi mtu mwenye kamba ya kupimia. Wako waliolima kwa nia njema. Wako waliojenga. Wako waliokwenda wakarudi na hati.

Kisha ziwa likarudi kwake. Mvua za mwishoni mwa 2019 na mwanzo wa 2020 zililijaza hata Mei 2020 kipimo cha Jinja kikasoma mita 13.42, kikaipita kidogo rekodi ya mwaka 1964 ya mita 13.41. Mei 2024 maji yakapanda tena na kukipita kiwango cha 2020. Hoteli, bustani na nyumba za ukingoni toka Entebbe hadi Jinja zilikaa ndani ya maji, na wenyewe wakasema ziwa limewavamia. Mzee aliyekuwa na akili timamu mwaka 1964 hangesema hivyo. Angesema ziwa limerudi kwenye alama yake.

Na mafunjo je? Maji yakipanda ghafla, mkeka wa mafunjo uliokatwa vipande na kuchimbwa pembeni hung'oka na kwenda na upepo. Tarehe 14 Aprili 2020 kisiwa cha namna hiyo kilisafiri hadi kwenye bwawa la Nalubaale huko Jinja, kikaziba mitambo, na nchi ikaingia gizani. Wapo waliocheka waliposikia ya kuwa majani yamezima umeme wa taifa. Sisi hatukucheka. Ukuta uliotakiwa kusimama ukingoni ukituchujia maji na kututunzia samaki ulikuwa umefika mahali usipotakiwa, nao ukafanya kazi ya adui.

Tazama basi sheria inavyosema. Kanuni za mwaka 2000 za hifadhi ya ardhi oevu, kingo za mito na fukwe za maziwa zimeweka ukanda wa mita 200 kando ya Ziwa Victoria, na ukanda huo hupimwa kuanzia alama ya maji madogo. Anayetaka kuelewa kwa nini kesi za ufukweni hazina mwisho na alifikirie neno hilo. Maji yanapojaa, sehemu ya ukanda wa hifadhi huwa chini ya maji, na mwenye kiwanja husema kwa uso mkavu kwamba yeye yuko mbali na ziwa kwa kadiri ya sheria au kwamba hakuna ukanda wowote uliosalia wa kugombewa. Maji yanaposhuka, mwenye kiwanja husogea mbele pamoja nayo. Kwa vyovyote vile hashindwi. Hatusemi kanuni hiyo ilitungwa kwa nia mbaya. Twasema ilimfikiria mpimaji anayefika siku moja na kuondoka, haikumfikiria buabua, kambare wala mwaka wa 1964.

Ukingoni mwa Lutembe kuna mashamba ya maua yanayouzwa Ulaya, na habari za kifusi na dawa za shambani zimeandikwa mara nyingi. Ni haki kusema upande wa pili pia. Maua huleta fedha za kigeni tangu miaka ya 1990, na mikono inayoyakata na kuyafunga kwa sehemu kubwa ni ya akina mama wa vijiji vya jirani wenye watoto shuleni. Mtu anayependekeza kufunga shamba kwa siku moja hajakaa na mama hao. Lakini ua halihitaji kusimama ndani ya kinamasi ili lichanue. Linahitaji maji safi, na maji ya ghuba huchujwa na mafunjo yale yale yanayofukiwa. Zaidi ya hapo, tangu barabara ya mwendo kasi ya Kampala na Entebbe ilipofunguliwa mwaka 2018, thamani ya kila kipande cha ardhi upande wa ziwa imepanda, na kwa maoni yetu hatari kubwa ya kesho haitoki kwenye maua. Inatoka kwenye nyumba za kifahari zenye mandhari ya ziwa, moja hapa, moja pale, kila moja ikiwa na lori mbili tatu za moramu usiku.

Katiba ya mwaka 1995, kifungu cha 237, imesema waziwazi kwamba Serikali inashika maziwa, mito na ardhi oevu kwa amana ya wananchi wote. Mwaka 2014 Baraza la Mawaziri liliazimia kufuta hati zilizotolewa ndani ya ardhi oevu baada ya Katiba hiyo. Kauli hazikukosekana. Kilichokosekana ni usawa wa utekelezaji, na hilo wananchi walilisema kwa sauti kubwa Juni 2024, nyumba zilipobomolewa katika kinamasi cha Lubigi, magharibi ya Kampala: mbona mwenye kibanda cha bati ameondolewa kwa saa chache, na mwenye kiwanda angali anaandikiana barua na ofisi? Hatuwezi kuliita swali hilo uchochezi. Ni swali la haki, na Lutembe ndipo mahali pa kulijibu, kwa kuwa walioko Lutembe si maskini.

Yako mambo ambayo jeshi lenyewe limejifunza juu ya maji. Tangu mwaka 2017 vikosi vyetu vimekuwa ziwani kuzuia uvuvi haramu. Kazi hiyo imesifiwa kwa kurudisha samaki, na imelaumiwa na wavuvi kwa ukali, lawama zikafika hata Bungeni. Ukiyaweka kando yote mawili, jambo moja halina ubishi: kukamata nyavu zenye macho madogo katikati ya ziwa huku mahali pa kutagia panafukiwa ukingoni ni sawa na kulinda lango la mbele na kuuacha ukuta wa nyuma ukibomolewa tofali kwa tofali. Askari wa doria aliyepewa kalenda ya majira ya ghuba, inayomwonyesha ni miezi ipi kambare huingia, mafunjo yapi hayaguswi na wakati gani makundi ya ndege hulala wapi ili injini zizimwe mbali, angefanya kazi bora kuliko aliyepewa mtumbwi na amri peke yake.

Mkataba wa Ramsar ulitiwa sahihi tarehe 2 Februari 1971, na siku hiyo dunia huadhimisha ardhi oevu. Siku nne baadaye sisi huadhimisha Tarehe Sita, ukumbusho wa 6 Februari 1981, na kwa desturi wiki hiyo wanajeshi hutoka kambini kufanya kazi za wananchi: kutibu wagonjwa, kupaka rangi shule, kusafisha masoko. Februari buabua wangali Lutembe kwa mamia ya maelfu. Haitakuwa taabu kubwa kwa vikosi vilivyo Entebbe kuongeza siku nne mbele, wakaingia na wanavijiji kutoa plastiki na magugu maji penye njia za mitumbwi, mbali na mahali ndege wanapolala.

Kazi ya mipaka, hata hivyo, isifanywe Februari. Ifanywe Mei, maji yanapokuwa juu, na mawe yasimikwe kwa kufuata alama za 1964, 2020 na 2024, ambazo bado zinaonekana katika kuta za majengo ya ufukweni na ambazo wavuvi wanaweza kuzionyesha kwa kidole. Wapimaji wa ardhi waje na vyombo vyao, wazee waje na kumbukumbu zao, wenye mashamba na wenye hati wawepo kushuhudia. Mwezi huo buabua watakuwa wamekwisha kufika Pripyat, katika mabonde yaliyo kando ya nchi iliyoingia vitani mwaka 2022, wakijenga viota juu ya maji ya mafuriko. Watarudi Septemba na kukuta mawe tayari.